Kabla hujaigusa moduli ya Etheneti kiwandani

Simu ikija kutoka kiwanda cha chai upande wa Tukuyu kwamba kompyuta ya chumba cha udhibiti haiioni PLC ya kikaushio, yaani kile kikompyuta kinachoiendesha mashine, usikimbilie gari. Kazi inaanzia hapo hapo Mbeya. Huko mashambani mtandao wa simu unapotea mvua ikinyesha, na mvua haikawii, kwa hiyo programu ya kusanidi moduli ya Etheneti (kipande kinachoiunganisha PLC na mtandao wa kebo) na mwongozo wake vipakue mapema. Hakikisha pia una pasiwedi ya admini ya laptopu yako. Laptopu nyingi za ofisi zimefungwa, na bila pasiwedi hiyo huwezi kubadili hata anwani ya IP, ile namba inayokitambulisha kila kifaa mtandaoni.

Ukifika, zungumza kwanza na msimamizi wa zamu. Majani yaliyokwisha kusagwa hayasubiri. Mkubaliane ni saa ngapi mashine inaweza kusimama. Kisha muulize swali moja tu: wiki hii kimeongezwa nini? Akijibu "hakuna", muulize tena kwa upole.

Nasisitiza swali hilo kwa sababu liliwahi kunitesa. Moduli ilikuwa na anwani 192.168.1.20, nikaipingi (yaani nikaitumia ujumbe mfupi kuona kama inajibu), ikajibu vizuri, lakini PLC ikawa inapatikana na kupotea. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha swichi ya mtandao, saa tatu zikaenda. Mwishowe nikachomoa kebo ya moduli yenyewe na kupingi tena. Ikajibu! Aliyekuwa anajibu ni kamera ya ulinzi iliyofungwa getini siku mbili kabla, imepewa anwani ile ile. Siku hizi jaribio hilo nalifanya mapema, na amri ya arp -a kwenye laptopu inanionyesha namba ya MAC, ambayo kifaa hupewa kiwandani kinapotengenezwa, nami nailinganisha na iliyoandikwa ubavuni mwa moduli.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha: taa zilivyo, kebo ipi imeingia tundu lipi, na vile vigurudumu vidogo vya namba kama moduli inavyo. Hivyo si vya kuchezea. Kwenye baadhi ya moduli za Allen-Bradley, kwa mfano, ukiviweka 888 na kuwasha umeme, mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Chukua na nakala ya programu iliyomo ndani ya PLC.

Upande wa laptopu, zima Wi-Fi. Ikiwa Wi-Fi ya ofisi nayo inatumia 192.168.1, pingi yako inaweza kupita huko nawe ukaapa moduli imekufa. Jipe anwani isiyotumiwa na mtu, katika kundi moja na moduli: kwa maski ya 255.255.255.0, inayotaka namba tatu za mwanzo zilingane, wewe uliye 192.168.0.50 na moduli iliyo 192.168.1.20 hamtaelewana moja kwa moja, hata taa ya kijani iwake namna gani. Pingi ikijibu lakini programu bado haiunganishi, tazama fayawoli (programu inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa), na uhakikishe poti, yaani mlango wenye namba unaotumiwa na programu, iko wazi; Modbus TCP, lugha moja ya mawasiliano ya PLC, hutumia 502.

Kuhusu kebo, shaba isizidi mita 100 na isilazwe pamoja na nyaya za mota. Baina ya majengo mawili mimi naweka faiba, kebo ya kupitisha mwanga badala ya umeme, kwa radi za huku. Na kule Mufindi, ukungu ukiingia ndani ya paneli, fungua plagi uangalie vile vijino vya shaba kama vimeota kutu ya kijani.

Ukishapata mawasiliano, usifunge paneli bado. Moduli nyingi hutoka dukani zikisubiri kupewa anwani na kifaa kingine mtandaoni kwa njia ya BOOTP au DHCP; usipoizima njia hiyo na kuihifadhi anwani ndani yake, umeme ukikatika inaisahau. Kwa hiyo omba ruhusa, zima paneli, hesabu hadi thelathini, washa, pingi tena. Ndipo uandike anwani kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa paneli.