Tiketi ya bei nafuu kutoka Entebbe: pima begi nyumbani, usisubiri kaunta

Ndugu wanachama, somo hili mlikuwa mnanidai tangu mwezi uliopita.

Mara yangu ya kwanza kusafiri kwa ndege ya bei nafuu nilifika kaunta ya Entebbe na begi la mkononi nililolipanga kwa siku tatu. Mhudumu akalipandisha kwenye mizani: kilo 11 na nusu. Ruhusa yangu ilikuwa kilo 7. Ndani mlikuwa na binyebwa, yaani karanga za kusaga, alizosaga mama yangu usiku wa kuamkia safari, kopo zima, limefungwa kwa kitambaa cha khanga. Walionisindikiza walikuwa wamekwisha kuondoka na gari, hivyo sikuwa na wa kumrudishia kitu. Nikalipa. Ile pesa ndiyo niliyoitenga kwa chakula cha wiki ya kwanza ugenini. Nilipofika kwenye ukaguzi, kopo la binyebwa nalo likachukuliwa, maana linahesabiwa kama kimiminika, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Tangu nianze kuuza tiketi hapa Kampala nimewaona wengi wakipita njia ile ile. Shida ni moja: tunadhani tiketi ya bei nafuu ni tiketi ya kawaida iliyopunguzwa bei. Sivyo. Hiyo ni tiketi ya kiti tu. Mzigo, chakula, kuchagua kiti, kubadilisha tarehe, kila kimoja kinauzwa peke yake, na kadiri unavyochelewa kukinunua ndivyo kinavyopanda. Ukilipia kilo siku ya kukata tiketi, bei ni ya chini. Ukizilipia kaunta, ni ya juu sana. Langoni, pale pa kupandia ndege, ndiko ghali kuliko kote.

Hatua ya 1: Soma mstari wa mzigo kabla ya kutoa pesa

Kwenye tiketi tafuta herufi hizi. Ukiona 1PC, maana yake ni begi moja la kupakiwa. 2PC ni mawili. Ukiona 20K au 30K, hizo ni kilo. Ukiona 0PC au 0K, huna mzigo wa kupakiwa hata kidogo, una begi la mkononi peke yake. Watu wengi wanaokuja kwangu wanalia ni wa hiyo sifuri. Ndugu amemnunulia msafiri tiketi mtandaoni, akachagua bei ya chini kabisa, akamtumia kwenye simu, basi.

Jina nalo liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wenye jina la ukoo, jina la dini na jina la nyumbani huwa tunayachanganya. Kurekebisha jina baadaye ni pesa, na pengine ni tiketi mpya.

Hatua ya 2: Pima uzito, kisha pima ukubwa

Hapa ndipo ningependa mkae nami kidogo.

Tafuta mizani ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Kama huna, panda kwenye mizani ya watu ukiwa umebeba begi, kisha panda bila begi, toa hesabu. Muuza maharage wa mtaani naye hawezi kukunyima mizani yake kwa dakika moja ukimwomba kwa heshima.

Pima kwanza begi likiwa tupu. Begi gumu la magurudumu lina karibu kilo tatu kabla hujaweka hata soksi. Ruhusa yako ikiwa kilo 7, umebaki na nne: jozi moja ya viatu, suruali mbili, kompyuta na chaja yake, zimekwisha. Kwa hiyo mimi humshauri msafiri wa kilo 7 aende soko la Owino atafute begi laini la mgongoni, zuri, lisilofika hata kilo moja. Kilo mbili umezipata bure.

Ukubwa hupimwa pamoja na magurudumu na mpini. Haya ndiyo yanayowakamata ndugu zetu walioko Ulaya. Kwenye mashirika ya bei nafuu ya huko, begi la bure la Ryanair na la Wizz Air ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na la easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20. Hilo ni begi la kuingia chini ya kiti cha mbele, si lile sanduku dogo tunaloliita la mkononi huku kwetu. Langoni kuna fremu ya chuma. Begi likigoma kuzama ndani yake, unalipa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima begi likiwa limejaa, kwa sababu begi laini likijaa huvimba.

Hatua ya 3: Nini kikae wapi

Vimiminika kwenye begi la mkononi: kila chombo kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha wenye ujazo wa lita moja. Kanuni hii ilianza mwaka 2006 baada ya polisi wa Uingereza kuzuia njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Viwanja vichache vimeanza kuilegeza kwa sababu ya mashine mpya, lakini wewe panga kwa mililita 100. Kinachotazamwa ni chombo, si kilichobaki ndani yake: chupa ya mililita 200 yenye mafuta robo inachukuliwa. Na kimiminika si maji tu. Binyebwa, samli, asali, jemu, mafuta ya kujipaka, dawa ya meno, vyote vimo. Vitu hivyo viende kwenye mzigo wa kupakiwa, vimefungwa mara mbili.

Nsenene, wale panzi wetu, zilizokaangwa zikakauka hazina shida ya kimiminika.

Pawabenki na betri za akiba ni kinyume chake: ni marufuku kwenye mzigo wa kupakiwa, lazima ziwe mkononi. Mwisho bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Hesabu yake ni rahisi: chukua mAh, namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye pawabenki, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, hiyo inahitaji kibali cha shirika. Inayozidi 160 haipandi kabisa. Ile iliyofutika maandishi iache nyumbani, kwa sababu mkaguzi hana namna ya kujua uwezo wake. Mashirika mengine yameongeza masharti. Emirates, tangu Oktoba 2025, wanaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, nayo haitumiki ndani ya ndege.

Wanaokwenda Kigali, Nairobi au Dar es Salaam: toeni kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zote mabegini. Rwanda ilizipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Juni 2019.

Hatua ya 4: Chekini kwa simu

Kuchekini ni kuthibitisha kwamba utasafiri na kupewa kiti. Kwa kawaida mtandao hufunguka saa 24 au 48 kabla ya safari. Fanya siku hiyo hiyo. Kuna mashirika yanayotoza ukisubiri kaunta. Ryanair hutoza euro 55 kwa kichwa, na tangu Novemba 2025 hawataki tena pasi ya kupandia ndege ya karatasi uliyochapisha mwenyewe, wanataka iliyo kwenye simu. Simu iwe na chaji, na pasi uihifadhi kwenye simu kabla bando halijaisha.

Kama safari yako inahitaji viza, hata ukichekini kwa simu pita kaunta wakague hati.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kutoka Kampala mpaka Entebbe ni kama kilomita 40, lakini foleni haijui kilomita. Barabara ya haraka inalipiwa tangu Januari 2022, gari dogo shilingi 5,000. Fika saa tatu kabla ya ndege kuruka. Kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuruka, na ikifungwa imefungwa. Beba kadi ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo hiyo ni ya maisha, usikubali mtu akwambie imeisha muda. Na msindikizaji wako asiondoke mpaka begi lako lipite mizani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kikuubo:* Kaka, mimi huleta vitambaa kutoka Dubai. Nafunga robota moja kubwa kwa kamba. Mara ya mwisho walilikataa ingawa kilo zangu zilikuwa hazijazidi. Kwa nini?

Pole sana, ndugu yangu. Uwanja wa Dubai tangu Machi 2017 haupokei mzigo wa mviringo wala usio na upande bapa, kwa sababu hukwama kwenye mikanda ya mitambo. Tumia katoni au sanduku lenye upande ulionyooka. Tena mzigo mmoja usizidi kilo 32 hata kama umenunua kilo 40. Ugawe mara mbili. Hicho kikomo kipo ili kulinda migongo ya wapakiaji.

*Dada anayekwenda Italia:* Nina tiketi ya Entebbe mpaka Brussels yenye mabegi mawili ya kilo 23. Kutoka hapo dada yangu amenikatia Ryanair. Mabegi yataunganishwa?

Hapana, dada, na nashukuru umeuliza mapema. Hizo ni tiketi mbili zisizojuana. Brussels utapita uhamiaji, utachukua mabegi yako mwenyewe, kisha utachekini upya. Kwanza angalia uwanja: ndege nyingi za Ryanair za huko hutokea Charleroi, zaidi ya kilomita 50 kutoka Zaventem, uwanja wa Brussels utakakotua, na lazima uchukue basi au treni. Pili, mabegi yako mawili hayamo kwenye tiketi ya pili. Yanunue leo mtandaoni. Tatu, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala hairudishi pesa. Acha angalau saa sita kati yake, au lala usiku mmoja. Viza yako ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inakutosha kutoka nje ya uwanja. Anayepitia London kwa mtindo huu anahitaji viza ya Uingereza, na wengi hilo hulijua wakiwa wamekwisha kulipa.

*Mzee wa Jinja:* Mwanangu, mjukuu wangu yuko Ujerumani, anataka matooke, ndizi zetu za kupika, na nyama iliyokaushwa.

Shikamoo mzee. Nyama hapana, na maziwa na samli pia hapana. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nje kuingia navyo. Matunda na mboga nyingi zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ila ndizi zimesamehewa, pamoja na mananasi, nazi, tende na duriani. Kwa hiyo matooke mpelekee. Yamenywe? Hapana, yaache na maganda, yafunge kwenye gazeti, yaweke katikati ya nguo.

*Mama mwenye mtoto wa miezi saba:* Maziwa ya mtoto nayo ni mililita 100?

Hapana mama. Ya mtoto yanaruhusiwa kuzidi, kwa kiasi cha safari. Yatoe uwaonyeshe kabla hawajakuuliza. Ila mtoto asiye na kiti mara nyingi hana kilo zake. Soma tiketi yake peke yake.

*Kijana wa Ntinda:* Nikivaa makoti mawili?

Inafaa, hawapimi mwili. Lakini utayavua yote kwenye ukaguzi, basi vaa yanayovulika haraka.

*Mwanachama wa Mbarara:* Nimepata kazi kambi ya wageni mbuga ya Kidepo, watanirusha kwa ndege ndogo kutoka Entebbe. Sanduku langu ni la kilo 23.

Hilo halitapanda. Ndege hizo za mbugani huruhusu kilo 15 kwa jumla, pamoja na mkoba wa mkononi, tena begi laini tu, maana chumba cha mizigo ni chembamba na begi hukunjwa ili liingie. Mwombe mwajiri akuambie gari la kambi linapanda lini kutoka Kampala, sanduku lipelekwe nalo. Wewe beba hati zako, dawa zako, na nguo za siku nne.