Jinsi ya kunasa makosa katika tamthilia za zamani za majasusi

Hatua ya 1. Angalia sehemu nzima bila kusimamisha. Ukikimbilia kusaka makosa kabla ya kuijua hadithi, hutajua kilichobadilika.

Hatua ya 2. Rudia, na safari hii achana na sura za waigizaji. Kodolea macho mikono, glasi, urefu wa sigara, saa ya ukutani. Tukio moja hupigwa mara kadhaa kisha mhariri huunganisha vipande. Kinywaji kikijaa chenyewe, hapo ndipo palipokatwa.

Hatua ya 3, ninayoipenda kuliko zote: magari. ITC, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza tamthilia za televisheni, ilikuwa na kipande cha filamu cha gari la Jaguar jeupe likitumbukia gengeni. Kilionekana katika tamthilia yake The Baron, kisha kikaazimwa na tamthilia zake nyingine za miaka ya 1960. Mhusika akipanda Jaguar nyeupe, mwombee dua mapema. Simamisha picha gari linapoacha barabara, ulinganishe namba, vioo, idadi ya abiria na mwanga wa jua na picha iliyotangulia. Mimi huo siuiti uzembe. Gari liliangushwa mara moja, likalipa miaka.

Hatua ya 4. Kagua kingo za picha. Televisheni za enzi zile zilimeza pembezoni mwa fremu, kwa hiyo maikrofoni inayoning'inia juu leo, nyumbani kwa watazamaji wa wakati huo huenda haikuonekana kabisa. Usiwahukumu haraka.

Hatua ya 5. Tenga kosa na sababu. Katika msimu wa kwanza wa Mission: Impossible (1966), kiongozi Dan Briggs mara nyingi hugawa kazi kisha hatumwoni tena. Steven Hill, aliyemwigiza, alikuwa Myahudi mshika dini. Ijumaa aliondoka kabla jua halijazama ili aishike Sabato, hata kama upigaji picha haujaisha. Mwaka 1967 nafasi ikaenda kwa Peter Graves. Vibao vyenye maneno ya ajabuajabu katika tamthilia hiyo navyo ni vya makusudi: lugha ya kubuni, yenye sura ya Ulaya Mashariki, ila mtazamaji wa Marekani aielewe. Na mkono unaowasha kiberiti mwanzoni? Ni wa Bruce Geller, mtunzi mwenyewe.

Hatua ya 6. Andika jina la sehemu, dakika, sekunde, na nakala uliyotumia. Vituo vya televisheni hukata vipande kupisha matangazo, hivyo dakika ya 31 kwako yaweza kuwa ya 28 kwa mwenzako.