Jeshi la Marekani kwa mwenye grini kadi: la mdomo halipo

Kwetu jeshi ndilo linalochagua. Unapanga foleni uwanjani tangu alfajiri na barua ya serikali ya mtaa mkononi, unakaguliwa meno na nyayo, ukiitwa unaitika "naam, afande", basi. Marekani mambo yamegeuka. Jeshi ndilo linalotafuta watu, na yule mwandikishaji mcheshi anayekupigia simu kila mara ana idadi ya vichwa anayotakiwa kuifikisha. Wabongo tunaingia ofisini kwake na grini kadi mkononi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na unyenyekevu ule ule wa foleni ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), naye anaufurahia.

Mimi niliambiwa kwa mdomo kwamba nitapangiwa mawasiliano: kompyuta, redio, mambo ya ujuzi. Nikapimwa afya kwenye kituo cha MEPS, wanakopima na kusainisha wanaoandikishwa, nikafaulu, mchana nikakalishwa mbele ya mshauri wa ajira na skrini yake. Fani ile haikuwemo. Inataka kibali cha usalama, na kibali hicho hapewi asiye raia. Zilizobaki kwenye skrini zilikuwa upishi, kushughulikia mafuta na udereva wa lori. "Ukiondoka leo, nafasi hii anachukua mwingine," akaniambia. Nikatia saini upishi. Miaka yote ya mkataba nimeamka saa tisa usiku kukaanga mayai ya kambi nzima.

Kwa hiyo narudia: la mdomo halipo. Kilichopo ni fomu DD 4, yaani mkataba wa kuandikishwa, na viambatisho vyake. Fani, bonasi, muda wa utumishi, kama hayamo humo, hukuahidiwa. Fomu yenyewe inasema hivyo, kwamba ahadi yoyote ya nje ya maandishi haitatekelezwa, na unaisaini huku ukiwa na njaa na usingizi maana wamekuamsha usiku wa manane. Isome hapo hapo, hata wakikunja uso. Utakuta pia kwamba jumla ya wajibu wako ni miaka 8, hata kama kazini umeandikiwa 4. Inayobaki unakuwa kwenye orodha ya akiba na unaweza kuitwa.

Kukataa kusaini kunaruhusiwa. Unashukuru, unarudi nyumbani. Hata ukishakula kiapo cha kwanza, kabla hujapelekwa ukuruta unaweza kujitoa kwa barua. Mwandikishaji akikwambia utafungwa, anakutishia nyau.

Kinachofungua fani ni ASVAB, mtihani wa kupima uwezo wa anayetaka kuandikishwa. Alama 31 zinakuingiza jeshi la nchi kavu ukiwa na cheti cha sekondari, lakini kuingia si kuchagua. Alama ya GT, inayotoka kwenye mtihani huo huo kwa kipimo tofauti, ikifika 110, milango mingi inafunguka, na hiyo inatokana na hesabu za mafumbo pamoja na Kiingereza. Watu wetu hesabu wanazimaliza, wanakwama kwenye misamiati. Usikubali kupelekwa kufanya mtihani wiki hiyo hiyo. Ukifeli, unarudia baada ya mwezi.

Uofisa sahau mpaka upate uraia, na Space Force, jeshi la anga za juu, ni ya raia tu. Jeshi la anga linaweza kukuandikisha kwa kundi la jumla la kazi badala ya fani moja, kwa hiyo soma mara mbili. Mwenye kazi na watoto aangalie jeshi la akiba: wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, ila fani ni zile zenye nafasi katika kikosi kilicho karibu nawe.

Uraia hauji wenyewe. Unajaza fomu N-400 ya kuomba uraia na N-426 ya kuthibitisha utumishi wako, ada hakuna. Wapo askari wa zamani waliodhani gwanda linatosha, wakaja kupatikana na makosa na kufukuzwa nchini. Wakenya tangu katiba ya 2010 mnabaki na pasi zenu. Mtanzania ajue kwamba sheria ya nyumbani bado hairuhusu uraia wa nchi mbili.

Wamarekani watakushukuru dukani, watakupisha uwanja wa ndege. Lakini ofisi za uandikishaji ninazozijua mimi ziko mitaa ya watu wa kipato chetu, katikati ya kinyozi na duka la piza. Kwenye mitaa ya wenye nazo sijaona hata moja. Hata hivyo sisemi msiende: miezi 36 ya utumishi wa muda wote inalipiwa ada yote ya chuo cha umma, na mimi nasoma kwa hela hiyo.

Sasa nyie mama wadogo na mashangazi mnaonipigia, "mfanyie mpango mdogo wako aingie jeshi la huko". Mpango haupo. Ule mpango wa MAVNI uliochukua wasio na grini kadi ulisimamishwa 2016. Ubalozi hauandikishi askari, na kuingia jeshi hili hakulipiwi hata senti. Huyo kaka wa WhatsApp mwenye bendera ya Marekani kwenye picha, anayetaka hela ya fomu, ni tapeli. Msimtumie, na msiniombe mimi niwakopeshe ya kumtumia.