Somo: Kupunguza namba ya miwani bila kujidanganya

Kwa miaka minane nilivaa miwani ya -4.00 macho yote mawili, yaani minasi nne, namba ya mtu asiyeona mbali vizuri. Leo navaa -3.25 kulia na -3.00 kushoto, na chati ya kliniki naisoma hadi mstari wa 6/6, ule wa macho yanayoona kawaida. Watu wakisikia hivyo wanadhani macho yangu yamepona. Hayajapona. Nilichoondoa ni namba ambayo haikuwa yangu tangu mwanzo. Somo hili ni la kukuonyesha namna ya kujua kama na wewe unayo ya kuondoa, ni kiasi gani, na wapi pa kusimama.

Jicho lisiloona mbali mara nyingi limerefuka kuliko kawaida. La mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na kila milimita moja ya ziada huleta minasi ya dayopta 2.5 hadi 3 hivi (dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi, ile namba ya miwani). Picha ya kitu cha mbali inaishia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haiifikii. Urefu huo haurudi kwa mazoezi wala kwa miwani dhaifu. Daktari William Bates wa New York alitangaza kinyume chake tangu 1920, na vipimo havijawahi kumuunga mkono. Anayekuuzia kozi ya kutupa miwani ndani ya siku 30 anakula hela yako tu.

Lakini namba ya kwenye cheti na urefu wa jicho si lazima vilingane. Ndani ya jicho kuna msuli unaokaza kila unapotazama karibu. Ukishinda unasoma au umeinamia simu, msuli unaweza kubaki umekaza hata ukiinua uso kutazama mbali, na mpimaji akakuta minasi kubwa kuliko ya kweli. Mimi nilipimwa saa kumi na moja jioni, baada ya kusahihisha mitihani ya kidato cha pili tangu asubuhi, dukani kwenye foleni. Kila lenzi kali zaidi ilipowekwa nilisema, "Hii herufi zimekolea zaidi," na mpimaji akaandika. Baadaye ndipo nilipofundishwa kuwa herufi zikizidi kukolea huku zinakuwa ndogo, lenzi imeshapita kiasi.

Hatua ya kwanza: pimwa upya

Nenda asubuhi, kabla ya kazi ya karibu. Mweleze mtaalamu unashuku miwani imezidi, na umwombe akupime kwa matone ya kulegeza msuli wa jicho, hasa kama bado hujafika miaka 40. Matone hayo huacha karibu pakiwa na ukungu na mwanga ukiumiza kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende ukiendesha. Ondoka na karatasi yako: namba ya kila jicho, silinda kama ipo (namba ya kurekebisha jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote), na umbali kati ya mboni mbili. Matone yalionyesha kile ninachovaa leo, -3.25 na -3.00. Ningeweza kubadili siku ileile, ila nilikuwa nimeizoea -4.00 na mtaalamu akashauri tushuke kwa awamu.

Hatua ya pili: futi kamba

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, usiparuke. Vua miwani. Chukua futi kamba ya fundi cherehani na kitabu chenye maandishi ya kawaida, ukae dirishani mchana. Bana mwanzo wa futi kamba kwenye mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho. Funika jicho la pili kwa kiganja bila kulikandamiza. Anza kitabu kikiwa karibu, halafu kisogeze mbali polepole. Mimi hutafuta neno lenye ng'. Ule mkato wa juu ndio hufifia kwanza, kisha tundu la herufi e linaanza kuziba hadi e na o zinafanana. Simama pale tundu linapoanza kuziba, usingoje hadi ushindwe kusoma kabisa. Angalia ni sentimita ngapi, kisha gawanya 100 kwa sentimita hizo. Ukipata sentimita 50, jicho lako ni kama -2.00. Ukipata 40 ni -2.50, na 25 ni -4.00.

Usifinye macho. Mwanya mwembamba wa kope hufanya kazi kama tundu la sindano, picha inakaza na namba inakuwa ya uongo. Pima kila jicho mara tatu, uandike ile ya katikati.

Tundika pia chati ukutani, mita 6 kutoka unaposimama. Herman Snellen, Mholanzi, aliitoa mwaka 1862 na hadi leo ndiyo tunayoisoma kliniki. Ukichapa yako mwenyewe, herufi za mstari wa 6/6 ziwe na kimo cha milimita 8.7 na za 6/12 ziwe 17.5. Chapa mbili zenye mpangilio tofauti, maana ubongo unakariri haraka kuliko unavyodhani.

Hatua ya tatu: miwani mbili, kazi mbili

Ya kwanza ni ya mbali, yenye namba kamili ya kweli. Hiyo ni ya barabarani, darasani, kanisani, msikitini, popote pa kutazama mbali. Ya pili ni ya kazi ya karibu, na hii ndiyo inayopunguzwa. Mimi niliipunguza kwa dayopta 1.25, yaani -2.00 kulia na -1.75 kushoto. Nikiivaa naona safi hadi sentimita 80, na skrini yangu iko 60. Msuli hauna haja ya kukaza sana. Kama macho yako ni -2.00 na unasoma kitabu kwa sentimita 40, huhitaji miwani ya pili. Vua tu usome.

Usitembee na miwani ya karibu barabarani. Nasema kwa sababu nilijaribu, nikamkosa mwendesha baiskeli kwa hatua moja.

Kila dakika 20 inua macho utazame mbali, mita 6 au zaidi, kwa muda wa pumzi chache.

Hatua ya nne: daftari

Andika tarehe, saa, sentimita za kulia, sentimita za kushoto na mstari wa chati. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile, dirisha lilelile, asubuhi. Anayepima kila siku anaishia kufurahia jua kali na kuhuzunikia wingu. Kwenye sentimita 28, kukosea sentimita moja tu kunabadili jibu kwa dayopta 0.12, kwa hiyo usishangilie chochote chini ya robo dayopta hadi kijirudie wiki nne mfululizo.

Daftari langu lilianza na 28 na 31. Wiki ya tatu lilipanda, likashuka, nikakaribia kukata tamaa. Mwezi wa nne likatulia kwenye 30 na 33, yaani karibu kabisa na kile matone yalichosema. Miaka miwili baadaye bado ni 30 na 33. Nilitamani sana iendelee. Haikuendelea, na daftari ndilo lililoniokoa nisikate lenzi dhaifu zaidi kwa matumaini.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Ukikaa na ukungu kwa wiki kadhaa, ubongo hujifunza kuusoma. Utashuka mstari mmoja au miwili kwenye chati, furaha itakujaa, na futi kamba haijasogea hata kidogo. Hayo ni mazoea ya ubongo, jicho halijabadilika. Ndiyo maana tunaandika vyote viwili.

Hatua ya tano: kurudi kliniki

Baada ya miezi mitatu au minne rudi na daftari. Kama sentimita zimesogea, miwani ya mbali ipunguzwe kwa 0.25 au 0.50, na mtaalamu athibitishe. Kama hazijasogea, namba yako ni ya kweli. Ivae.

Maswali ya wanaofuata somo hili

*Mwanangu yuko darasa la tano, ana -1.50. Nimpunguzie ili isipande?*

Hapana, mama yangu, hapo usijaribu kabisa. Malaysia walilifanyia utafiti kwa watoto 94 wa miaka 9 hadi 14, matokeo yakachapishwa 2002: waliopewa miwani dhaifu ndio ambao namba zao zilipanda kwa kasi zaidi. Mpe namba kamili. Kinachosaidia mtoto ni kuwa nje mchana. Kule Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku zilipata watoto wapya wachache zaidi wasioona mbali katika miaka 3. Yapo pia matone ya atropini ya kiwango kidogo ambayo daktari wa macho anaweza kuyafikiria. Muulize.

*Naendesha bodaboda usiku. Naweza kuvaa iliyopunguzwa?*

Kaka, hapana. Gizani mboni hupanuka na ukungu huongezeka, hata ule usiouona mchana. Usiku vaa kamili, na kioo kiwe safi.

*Mistari ya kusimama naiona vizuri kuliko ya kulala. Nipime vipi?*

Hiyo ni silinda. Futi kamba itakupa majibu mawili, yote mawili ni ya kweli. Andika yote, lakini usiiondoe silinda wala kuigeuza mwenyewe.

*Nina miaka 47, minasi mbili. Siku hizi nasoma vizuri zaidi nikivua miwani. Nimeanza kupona?*

Shikamoo. Huo ni umri, lenzi ya jicho inakuwa ngumu na haikazi tena kwa karibu. Macho yako ya minasi yanakupa nafasi ya kusoma bila miwani, wenzako wa rika lako wananunua za kusomea. Namba ya mbali bado ni ileile.

*Miwani imeonekana kali ghafla, nimeshuka karibu dayopta moja kwa wiki tatu. Nilianza dawa za sukari mwezi uliopita.*

Sukari ikipanda au kushuka, lenzi ya jicho hubadilika nayo. Usitengeneze miwani mpya sasa. Ngoja sukari itulie kwa wiki kadhaa ndipo upimwe, na umwombe daktari aangalie retina pia.

*Mimi ni -8.00. Nianzie wapi?*

Miwani ya karibu inaweza kukupumzisha, lakini iandikwe na mtaalamu. Jicho refu hivyo lina retina iliyovutika, kwa hiyo ipimwe kila mwaka kwa kupanua mboni. Ukiona vimulimuli kama radi, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kivuli kama pazia kinachoshuka pembeni, acha futi kamba na daftari, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo.