Mifarishi mitano kabatini: jinsi ya kuisogeza yote hadi iishe

Mshonaji wa mifarishi ya viraka asiye na hata mmoja uliokwama sijamwona bado, na hapa Busia, Uganda, nawafahamu wengi. Mabaki ya kitenge yanapatikana bure. Fundi wa magauni atakujazia kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili umpunguzie takataka dukani. Shule zikikaribia kufunguliwa yanakuja mabaki ya sare, na msimu wa arusi ukifika yanakuja ya gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda. Kuanza ni rahisi mno, ndiyo maana kabati linajaa nyuso za mifarishi zilizoungwa nusu.

Ushauri utakaousikia kila mahali ni kwamba umalize mmoja kwanza ndipo uguse mwingine. Kwa kazi hii mimi siukubali. Mfarishi si kazi moja, ni kazi tano: kukata, kuunga viraka, kupiga bandi tabaka tatu (uso, la kati na nyuma), yaani kuzishikisha kwa muda kwa mishono mirefu, kushona tabaka hizo pamoja, kisha kutia pindo. Kukata kunataka meza na mwanga wa mchana. Kuunga kunataka cherehani. Bandi inataka sakafu nzima isiyo na watoto wala kuku. Pindo halitaki chochote ila sindano na mapaja yako. Ukijifunga na mfarishi mmoja, siku sakafu ikikosekana unakaa bure. Ukiwa na mitatu iliyofikia hatua tofauti, kila nafasi unayoipata inakuta kazi yake inangoja.

Hatua ya 1: Toa vyote, andika kinachokwamisha

Chagua siku kavu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, ndiyo kuvu inapoingia makabatini, kwa hiyo kabla ya jambo lingine anika kila kitu kivulini palipo na upepo.

Kila mradi upewe foronya yake. Usiurudishe kwenye kaveera. Unyevu ukinaswa humo, doa la kuvu kwenye kitambaa cheupe utalifua mpaka uchoke. Ndani ya foronya tia karatasi yenye mambo matatu: ukubwa uliokusudia, hatua uliyofikia, na kitu kinachozuia. Kitu kimoja tu. "Sina nafasi" usiandike, maana hakuna aliye nayo. Andika kitu unachoweza kukitafuta au kukirekebisha: sina kitambaa cha nyuma, rangi ya bluu imeisha, miraba haitoshani, siupendi tena.

Ukimaliza, panga foronya kwa kufuata hatua, si kwa umri. Utashangaa ni mingapi imekwama palepale. Kwenye nyumba nyingi nilizosaidia kupanga, uso umekwisha kuungwa na umekunjwa vizuri, ila hakuna kitambaa cha nyuma na hakuna pa kuutandika.

Hatua ya 2: Punguza bila huruma

Ule usioupenda tena hauna haki ya kukumaliza nguvu. Kama ulikusudia kitanda cha sita kwa sita na una miraba 20 tu ya inchi 9 kila mmoja ukishaungwa, panga safu tano za miraba minne minne: unapata inchi 36 kwa 45, blanketi zuri la mtoto mchanga. Katika mtaa wowote Uganda hutakosa mzazi wa kumpa. Miraba michache zaidi inatosha foronya za mito ya kochi au vishikio vya sufuria.

Hapa pia ndipo pa kujua kitambaa ulichonacho ni cha nini, kwa sababu si kila kitenge ni pamba. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya beseni la maji, ukiwashe nje ya nyumba. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Satini ya gomesi nyingi iko kundi hilo la pili, na pasi ya kunyoosha pamba itaiharibu. Iwekee mradi wake peke yake.

Halafu rangi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua nacho kitenge chekundu na cha bluu iliyoiva. Kikitoa rangi, kifue chenyewe mpaka maji yawe safi, ndipo kiungwe na cheupe. Chumvi na siki tunazoambiwa na mama zetu hazishikishi rangi ya kitambaa kilichokwisha tiwa rangi kiwandani. Kinachosaidia ni kukifua tena na tena.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kitambaa cha nyuma mara moja kwa yote

Usiende sokoni kwa ajili ya mfarishi mmoja. Andika vipimo vyote kwanza.

Mfano: kitanda cha futi nne kwa sita ni inchi 48 kwa 72. Ukitaka mfarishi uning'inie inchi 10 kila upande na inchi 10 miguuni, uso wako ni 68 kwa 82. Kitambaa cha nyuma kizidi uso kwa inchi 4 kila upande, yaani 76 kwa 90. Sasa kitenge cha yadi sita kina urefu wa inchi 216 na upana wa karibu inchi 45. Kata vipande viwili vya inchi 90, viunge ubavu kwa ubavu baada ya kuondoa ule ukingo wenye maandishi. Unapata upana wa zaidi ya inchi 80, nao unatosha. Zinabaki karibu inchi 36, na hizo ndizo pindo lako: mzunguko wa mfarishi ni inchi 300, ongeza 10 za kona na maungio, kata tepe nane za upana wa inchi mbili na nusu. Kitenge kimoja kimemaliza nyuma na pindo, na kingali na akiba ya kurudi, yaani kupungua, kikifuliwa. Kifue kabla ya kukata, lakini.

Kama fedha ni kidogo, shuka la pamba la mitumba ni bora kuliko kitenge kipya cha poliesta, tena halihitaji kuungwa katikati. Pale soko la Owino, Kampala, utayapata yamerundikwa. Yashike mkononi, yaangalie kwenye mwanga, yakatae yaliyochakaa katikati. Merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, nayo inafaa, ila hurudi sana kwenye maji.

Kwa tabaka la kati, huku kwetu kwenye joto blanketi jembamba la mitumba linatosha. Anayeshona kwa ajili ya Kabale au Kapchorwa, kwenye baridi ya milimani, atafute ile pamba nyepesi iliyotandazwa kama karatasi inayouzwa kwa mita na wauza vifaa vya makochi. Blanketi lolote la sufi au pamba lifue kwa maji ya moto kwanza, limalize kurudi kabla halijaingia kwenye mfarishi.

Hatua ya 4: Unganisha kazi za aina moja

Umeme ukiwepo, piga pasi. Si ya mfarishi mmoja, ya foronya zote zinazosubiri pasi. Ukikatika, cherehani ya kukanyaga haijali, hivyo kuunga kunaendelea. Wenye pasi ya mkaa wana uhuru zaidi, lakini waifute chini kila wanapoitia makaa.

Kabla ya kuunga, pima mshono wako. Viraka huungwa kwa robo inchi, na miraba isiyotoshana karibu kila mara imetokana na robo inchi inayotembea. Chukua tepe tatu za upana wa inchi mbili, ziunge sambamba, zipige pasi. Ile ya katikati ipime: iwe inchi moja na nusu kamili. Ikipungua, mshono wako ni mpana. Ikizidi, ni mwembamba. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani mahali sahihi, kitambaa kifuate ukingo wake. Miraba ambayo imekwisha haribika usiifumue. Tafuta mdogo kuliko yote, punguza mingine yote ifikie kipimo hicho, uendelee.

Sasa mbinu ninayoipenda kuliko zote. Cherehani, hasa ya kukanyaga, hupenda kula kona ya kitambaa mwanzoni mwa mshono na kufungamanisha uzi chini. Mafundi huanzia kwenye kitambaa kichakavu, kisha hupitiliza kwenye kazi yenyewe. Badala ya kichakavu, weka kando ya mashine bakuli la viraka vidogo vilivyokatwa tayari vya mfarishi mwingine. Anza na jozi moja kutoka bakulini, ishone mpaka mwisho, na bila kukata uzi, ingiza kazi yako kuu, jozi baada ya jozi. Ukifika mwisho, malizia kwa jozi nyingine ya bakulini, uiache chini ya sindano, ukate uzi nyuma yake. Kesho ndiyo itakayokupokea. Uzi haufungamani, haupotei, na ule mfarishi wa bakulini unakua bila kutengewa hata jioni moja. Kila jozi zikijaa mkono, ziunge nne nne kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 5: Siku ya sakafu

Hii ndiyo hatua inayokwamisha, kwa hiyo itendee kama mgeni mkubwa: ipangie siku, waambie wa nyumbani, omba msaada wa mtu mmoja. Kwa kuwa viti vimekwisha ondolewa, piga bandi mifarishi miwili siku hiyohiyo. Kuhamisha makochi kwa ajili ya mmoja ni hasara.

Fagia, piga deki, acha sakafu ikauke kabisa. Tandaza kitambaa cha nyuma, uso wake ukitazama chini. Kinyooshe bila kukivuta, kisha kibandike kingo kwa selotepu pana. Ukikivuta kitarudi baadaye na kujaa mikunjo. Juu yake weka tabaka la kati, lipapase kutoka katikati kwenda nje. Mwisho uso wa mfarishi, ukitazama juu.

Bandi inaanzia katikati, kamwe si pembeni. Tumia uzi wa rangi inayoonekana, mishono mirefu ya inchi mbili hivi, ukienda kati-juu, kati-chini, kati-kulia, kati-kushoto, kisha ujaze mistari iachane kwa upana wa ngumi. Pini za kufunga ni za haraka zaidi kama unazo za kutosha. Kalia mto, magoti yatakushukuru. Kama chini umetandika mkeka, usiuchome sindano: kila baada ya mistari miwili inua kidogo uone kama hujaushona pamoja. Na zihesabu sindano kabla ya watoto kurudi ndani.

Huna sakafu kubwa? Msikiti au kanisa mara nyingi lina ukumbi unaokaa wazi siku za katikati ya juma. Omba kwa adabu, uende na ufagio wako.

Hatua ya 6: Shona tabaka

Kwa cherehani ya kawaida, badili sindano: namba 14 uliyoungia viraka iache, weka 16. Legeza kidogo mguu unaokandamiza kitambaa, ongeza urefu wa mshono kutoka milimita 2.5 hadi 3 au zaidi. Viringisha pande mbili za mfarishi, anzia mstari wa katikati, ufuate mistari ya maungio. Uzito wa mfarishi usining'inie. Weka kiti au meza upande wa kushoto uubebe.

Kama mashine inakataa, usiurudishe kabatini. Funga mafundo. Chukua uzi mzito wa pamba, choma kutoka juu kwenda chini na kurudi, funga fundo mara mbili, acha mkia mfupi, rudia kila inchi nne. Mfarishi wa mafundo unadumu, na ndio unaomalizika kwa haraka kuliko wote. Wanaoudharau, wengi wao hawajamaliza wa kwao.

Hatua ya 7: Pindo, kazi ya kusubiria

Unga tepe zako kwa mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja, zikunje katikati kwa urefu, piga pasi. Punguza kingo za mfarishi ziwe sawa. Shona tepe upande wa mbele, kingo mbichi kwa kingo mbichi, kwa robo inchi. Ukikaribia kona, simama robo inchi kabla ya mwisho, kata uzi. Kunja tepe kuelekea juu ifanye mshazari wa digrii 45, kisha ishushe sambamba na upande mpya, anza kushona tena kutoka ukingoni. Kona itajipanga yenyewe ukiigeuza.

Geuza tepe nyuma, shona kwa mkono. Hii ndiyo ya kubeba: dukani ukingoja wateja, hospitalini ukingoja zamu, jioni ukisikiliza redio. Hakikisha daima una mfarishi mmoja uliofika hapa, maana saa za namna hii ndizo nyingi kuliko za mashine.

Mwisho toa nyuzi za bandi, andika mwaka kwa uzi kwenye pembe ya nyuma. Ufue kwa maji baridi na sabuni kidogo, usiukamue kwa kuusokota. Uanike kivulini, nyuma ikitazama nje, kwenye kamba mbili zilizo sambamba ili uzito wa maji usivute mishono.