Baridi yabisi: jinsi ya kupanga mazoezi na mapumziko, kiungo kwa kiungo

Wagonjwa wengi wa baridi yabisi aina ya rumatoidi hufika kwenye chumba cha mazoezi tiba wakiwa na amri mbili zinazopingana. Daktari amewaambia wafanye mazoezi. Nyumbani wameambiwa, "Mama, kaa tu, usiguse kitu, tutakufanyia." Wote wamesema kwa nia njema, na wote wana sehemu ya ukweli. Kinachokosekana ni mpango wa kujua lini mazoezi, lini mapumziko, na kwa kiungo kipi. Ninavyowapangia wagonjwa wangu ndivyo ninavyoandika hapa, kwa mtu ambaye ameshapimwa na ameanza dawa. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: pumzisha kiungo kinachouma, usimpumzishe mtu mzima.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utando ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, kiungo kinajaa maji na kupata joto, na asubuhi kinakakamaa, mara nyingi kwa zaidi ya nusu saa. Kuzima shambulio hilo ni kazi ya dawa, kama methotreksati ambayo kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja tu kwa wiki, na hakuna zoezi linaloweza kuchukua nafasi yake. Lakini gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye majimaji ya kiungo, na majimaji hayo hupenya pale kiungo kinaposogezwa na kubeba uzito. Misuli nayo hunyong'onyea haraka kwa mtu anayeshinda amelala, na kiungo kisicho na misuli imara ya kukishika huuma zaidi.

Zamani hospitali ziliwalaza wagonjwa hawa kitandani kwa wiki nyingi. Utafiti wa RAPIT uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa 2003 ulifuatilia wagonjwa wapatao 300 kwa miaka miwili. Nusu yao walifanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki. Waliofanya walipata nguvu zaidi za kufanya shughuli zao, na viungo vidogo vya mikono na miguu havikuharibika zaidi. Tahadhari iliyobaki iliwahusu wale ambao viungo vyao vikubwa vilikuwa vimeshaharibika sana. Hapo ndipo tunapoanzia.

Hatua ya 1: Jua hali ya viungo vyako vikubwa na shingo

Muulize daktari kuhusu magoti, nyonga na mabega. Kama goti limeshalika sana, kuruka na kukimbia si kwako, ila baiskeli na maji vinakufaa.

Shingo watu huisahau. Kwa mtu aliyeugua miaka mingi, pingili za juu kabisa za shingo zinaweza kulegea na kuukaribia mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Kama una maumivu ya kisogo, ganzi mikononi, au unahisi kama shoti ya umeme ukiinamisha kichwa, usianze mazoezi yoyote mpaka upigwe picha ya shingo. Hata bila dalili hizo, kwa mgonjwa wa muda mrefu ndoo ya maji kichwani naikataza kabisa. Nakataza pia kuzungushwa shingo kwa nguvu na mtu wa kuchua au kinyozi.

Hatua ya 2: Jipime kila asubuhi

Chukua daftari la shule. Kabla ya shughuli yoyote andika mambo matatu: umekakamaa kwa muda gani, viungo vipi vina joto au vimevimba, na uchovu wako ni kiasi gani kati ya 0 na 10. Bonyeza kidogo kila kiungo, ukilinganisha kulia na kushoto. Daftari hilo ndilo litakalopanga siku yako, na daktari atalifurahia kuliko maelezo ya "naumwa tu".

Hatua ya 3: Siku ya kawaida, fanya mazoezi

Usianze alfajiri mwili ukiwa umekakamaa. Oga maji ya uvuguvugu, kunywa chai, subiri. Kwa wengi saa nne asubuhi au saa kumi jioni ndio wakati mzuri.

Anza kwa kupeleka kila kiungo mpaka mwisho wake bila kukilazimisha: vidole, vifundo vya mikono, viwiko, mabega, nyonga, magoti, vifundo vya miguu. Dakika kumi zinatosha, na sehemu hii ni ya kila siku.

Kisha tembea. Asiyezoea aanze na dakika kumi tambarare, aongeze mbili au tatu kila wiki. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni angalau dakika 150 kwa wiki, na kwako lina uzito wa ziada, maana ugonjwa huu huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Vaa raba pana mbele. Ndala hazishiki kisigino na vidole hulazimika kuzing'ang'ania. Anayeishi karibu na bahari ana bahati: maji yakiwa yamejaa na yametulia, tembea kwenye kina cha kiuno, ukiwa na mtu wa karibu. Hapo miguu hubeba karibu nusu tu ya uzito wako.

Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, ongeza mazoezi ya nguvu. Kaa na kunyanyuka kwenye kiti cha mezani, si kigoda, mara nane hadi kumi. Sukuma ukuta. Mikono isiachwe: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015, uliohusisha wagonjwa 490, ulionyesha kwamba mazoezi ya mikono ya mpangilio huboresha utendaji wa mikono bila kuongeza maumivu. Donge la unga wa chapati linafaa: liminye kwa kiganja chote, kisha tandaza vidole ukiwa umevizungushia mpira mwepesi.

Hatua ya 4: Tumia kanuni ya saa mbili

Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Lakini kama kiungo chenyewe kinauma zaidi kuliko kabla ya zoezi, na maumivu hayo yamedumu zaidi ya saa mbili, au asubuhi umeamka kimevimba, ulizidisha. Usiache. Siku inayofuata punguza: kama ulitembea dakika ishirini, tembea kumi na tano. Wengi huacha kabisa hapa, wanapumzika wiki mbili, kisha wanaanza upya wakiwa dhaifu zaidi.

Hatua ya 5: Panga mapumziko kabla ya kuchoka

Hatari kubwa ninayoiona ni siku nzuri. Mtu anaamka hana maumivu, anafua nguo za wiki nzima, anakuna nazi, anadeki, na siku tatu zinazofuata yuko kitandani. Gawanya kazi. Fua kidogo, kaa dakika kumi, kisha fanya kazi inayotumia viungo vingine. Alasiri lala nusu saa, hata kama hujachoka.

Kuna pumziko la kiungo ambalo halihitaji kitanda. Kukamua nguo huvipindisha vifundo na vidole vibaya. Zungushia nguo kwenye bomba, vuta kwa mikono yote miwili, au itundike ikichuruzika. Sufuria ishike kwa mikono miwili, kikapu kining'inie kwenye kiwiko au bega. Kusonga ugali wa watu wengi mwachie kijana wa nyumbani, wewe kata mboga umekaa. Mwislamu ambaye sujudu inamuumiza magoti na vifundo vya mikono ana ruhusa ya kuswali ameketi.

Ukilala, usiweke mto chini ya magoti. Unapendeza kwa muda, lakini goti huzoea kukunjika na baadaye hukataa kunyooka. Lala umenyooka.

Hatua ya 6: Ugonjwa unapoamka

Kiungo kikiwa chekundu, cha moto na kimevimba, ndipo pumziko linapotawala, lakini kwa kiungo hicho. Kama goti ndilo limewaka, mikono iendelee na zoezi lake. Funga barafu kwenye kanga, weka dakika kumi hadi kumi na tano. Maji ya moto yaache kwa ajili ya kukakamaa kusiko na joto. Usichuliwe kwa nguvu. Mara moja au mbili kwa siku kunja na kunyoosha kiungo taratibu, na kaza misuli ya paja bila kulisogeza goti, ukihesabu hadi tano. Joto likishuka, rudi kwenye nusu ya mazoezi ya zamani na uongeze kidogo kidogo. Dawa usiziache wala kuziongeza mwenyewe.

Hatua ya 7: Jua mahali ambapo ratiba hii haitoshi

Viungo vikiendelea kuvimba zaidi ya wiki moja, rudi kliniki na daftari lako. Huenda dawa inahitaji kubadilishwa. Kiungo kimoja kikiwaka ghafla kuliko vingine vyote, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kinaweza kuwa na maambukizi ya bakteria, na dawa zinazotuliza kinga huongeza hatari hiyo. Nenda haraka vilevile ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi, miguu kulegea ghafla au kushindwa kuzuia haja.