Babu yako alicheza mpira nje? Mtafute hivi

Kila baraza huku Ng'ambo, Unguja, ina hadithi ya mzee alopanda meli akenda kucheza mpira wa pesa, ila ukiuliza timu gani na mwaka gani kila mtu anakutajia yake.

Kwanza usikimbilie Google. Anza na wazee, tena nenda baada ya laasiri kahawa ishazunguka, usitoe karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Na usiulize "mwaka gani", uliza aliondoka kabla ya Mapinduzi au baada, uwanja wa Amaan ulikuwa ushajengwa au bado wakicheza Mnazi Mmoja? Amaan ilifunguliwa 1970 kwa hiyo jibu hilo moja tu lishakupunguzia kazi kubwa.

Shughuli yenyewe ipo kwenye majina. Mtaani anajulikana kwa a.k.a. (jina la utani), kwenye pasi ya kusafiria yupo kwa jina la baba na babu, na mzungu wa gazeti kaandika alivyosikia yeye. Mimi mjomba wake mama nilimtafuta miezi 3 kwa a.k.a. patupu, kumbe kule wakimwita kwa jina la babu yake! Andika majina yote na kila namna yanavyoweza kuandikwa, Khamis, Hamis, Hamisi, yote.

Halafu ndo karatasi. Geuza picha nyuma uone muhuri wa studio, omba kuona pasi na barua, kisha nenda ofisi ya Nyaraka, wanakohifadhi karatasi za zamani, pale Kilimani kwenye magazeti ya zamani, ila ulizia utaratibu wa kibali mapema usije ukarudishwa getini.

Na usiishie kurasa za michezo. Mtazame Arthur Wharton, mtoto wa Accra alozaliwa 1865 akapelekwa Uingereza kusoma. 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10, akawa golikipa wa timu ya Preston North End, 1889 akaingia Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa, na ndo anahesabiwa Mwafrika wa mwanzo kulipwa kwa mpira. Lakini mpira ulipokwisha akaishia kazi ya mgodi wa makaa ya mawe, akafa 1930 hana kitu, kaburi lake likapata jiwe 1997. Sasa ukimtafuta mtu kama huyo kwenye habari za mechi tu unampoteza nusu ya maisha, tafuta na kazi aloifanya baadae, meli, kiwanda, bandari, huko ndo kwenye mafaili.

Ukipata neno la mzee andika kasema nani na lini, lisichanganyike na la gazeti. Wazee wetu wakinogewa na kahawa goli 1 linakuwa 3, mwajua wenyewe.

Na picha zipige kwa simu hapohapo ulipozikuta. Mimi nilisema nitarudi baada ya Idi, nimerudi mchwa washakula timu nzima kabakia golikipa tu.